Mrudishe, lakini mrudishe mzima

Nilikuwa na miaka tisa hivi siku nilipoona sangara akifungwa kwenye baiskeli pale mwaloni, wanakoshushia samaki, kwetu kisiwani Ukerewe. Walimlaza juu ya keria, kichwa kikaning'inia upande huu, mkia ukaburuza mchanga upande wa pili. Jicho lake lilikuwa kubwa kuliko kisoda, na ukiliangalia kwa pembeni linawaka rangi ya dhahabu. Nikamuuliza mjomba wangu ni samaki gani anayefika ukubwa ule. Akanijibu, "Huyo ni mama, mjomba. Ana wajukuu wengi kuliko bibi yako."

Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba alisema kweli tupu. Sangara dume hukomaa mapema na angali mdogo. Jike huchelewa, hukua, na akipita ukubwa fulani utakuta karibu wote waliobaki ni majike. Mkubwa mmoja anabeba mayai kwa mamilioni. Ndiyo maana nchi tatu zenye Ziwa Victoria zilipokubaliana vipimo vya sangara wa kuvuliwa, hazikuweka kikomo cha chini peke yake, sentimita 50. Ziliweka na cha juu, sentimita 85, ili wale akina mama wapite.

Nayaandika haya kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila wageni wanapofika Mwanza na fimbo zao za kuvulia, wakielekea kisiwa cha Rubondo au kwingine. "Mtu analipa hela yote ile avue samaki, halafu amwachie?" Watu wanacheka. Mimi sicheki. Mtu aliyekaa juani tangu alfajiri, boti ikikokota samaki bandia kando ya miamba, akavutana na mnyama wa kilo 50 kwa nusu saa, kisha akamwacha aende, amefanya jambo ambalo sisi tulio na njaa ya fedha tumeshindwa kulifanya. Namheshimu.

Lakini nina neno naye pia.

Kila aliyepasua sangara anaujua mfuko mweupe ulio chini ya uti wa mgongo. Tunauita bondo. Fundi wa kupasua haangalii hata kisu: anachana tumbo, anaingiza vidole vinne, anaung'oa taratibu usitoboke, anausuuza damu na kuutandaza ukauke. Ukiukausha unakuwa mgumu wa rangi ya asali, na ukiuinua juani unaona mishipa myembamba kama ya jani. Mabondo haya yanakwenda China na Hong Kong kupikwa supu, na kilo moja yake inaziacha mbali sana kilo za minofu. Bondo likiwa kubwa, bei inapanda zaidi. Kwa hiyo yule mama ambaye vipimo vilitaka kumwokoa ndiye anayewindwa kuliko wote. Nyama yake inauzwa, lakini kilichomuua ni kile kifuko.

Sasa, mvuvi wa fimbo hataki bondo. Ila bondo linamtaka yeye alijue. Huo ni mfuko wa hewa, ndio unaomwezesha samaki kuelea pale anapotaka bila kuhangaika. Sangara hana njia ya kuicheua hewa hiyo kama samaki wengine wanavyoweza. Huitoa polepole kupitia damu. Umkokote haraka kutoka mita 20, shinikizo la maji linapungua, na hewa ile inataka kuwa mara tatu ya ilivyokuwa. Tumbo linavimba. Wakati mwingine utumbo unachungulia mdomoni. Ukimwachia hapo, atapiga mkia mara mbili tatu, kisha atageuka tumbo juu, na mwewe watafanya kazi iliyobaki.

Nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa msaidizi kwenye boti moja ya wageni, na tulipata sangara aliyepita urefu wa mtoto wa shule. Walimtundika kwenye mizani kwa ndoana iliyopita chini ya shavu. Picha ya kwanza, ya pili, mgeni mwingine naye akaja kupiga yake, kofia ikabadilishwa. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kutazama matamvua yakifunguka na kufunga, na yalikuwa yanazidi kuchelewa. Alipowekwa majini kila mtu alipiga makofi. Tuliporudi njia ile ile jioni tulimkuta anaelea karibu na matete. Hakuna aliyesema kitu, nami sikusema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sangara hawezi kuvumilia maji yaliyokosa hewa, sembuse kuning'inizwa nje ya maji baada ya kupigana hadi misuli imekufa ganzi. Uzito wake unabebwa na maji. Ukimtundika kwa taya au shavu, mwili wote unavuta mahali ambapo haukuumbiwa kuvuta.

Kwa muda mrefu kilichowasukuma wavuvi hawa ni mizani. Rekodi ya dunia ya sangara inayotunzwa na IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa fimbo, ni ya kilo 104.32, samaki wa Ziwa Nasser kule Misri, mwaka 2000. Kwa kanuni zao samaki wa rekodi ya namna hiyo lazima apimwe nchi kavu, si botini. Tangu mwaka 2011 wana daraja jingine la rekodi: unapima urefu, na samaki lazima arudi majini akiwa hai, la sivyo rekodi haihesabiwi. Hiyo ndiyo ningependa itajwe kila mgeni anaposhuka kwenye boti. Leta machela, mweke samaki ndani yake angali majini, pima urefu, piga picha moja, basi. Kama ametoka kina kirefu, mfungie uzito unaomshusha chini na kufunguka wenyewe huko. Na kama maji unayovulia yana kina ambacho kila anayetoka anavimba, hama. Vua kando ya miamba, kwenye maji mafupi.

Najua nitakachoulizwa, maana nimekwisha kuulizwa na rafiki yangu anayeuza dagaa Kirumba: kwa nini nimlilie sangara, mgeni aliyekula furu wetu? Hilo ni swali zito, na sitalikwepa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kutoka maziwa ya Albert na Turkana, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hiyo hiyo ya kuvua kwa kujifurahisha. Furu walikuwa zaidi ya aina 500. Aina zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka, na tulio na umri tunakumbuka wazee wakiusimulia uchungu wa kuwapoteza furu: samaki mdogo ambaye mama yake huwatunza watoto mdomoni, anayekauka kwa jua tu bila kuni. Sangara mwenye mafuta hakubali jua, anataka moto. Miti mingi imeishia hapo.

Na ni kweli kwamba sangara walipovuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurudi. Kwa hiyo sisemi kila sangara aachwe. Wavuliwe, waliwe, familia zisomeshe watoto. Ninachokikataa ni kuua mama kwa ajili ya kifuko, na kuua mama kwa ajili ya picha huku tukijiita waungwana. Ziwa hili lina watu mamilioni wanaokula kwa sangara huyu sasa, na furu waliopotea hawatarudi kwa kumwacha jike wa kilo 60 aelee tumbo juu kwenye matete.

Mjomba bado yupo, macho yamepungua nuru. Mwezi uliopita nilimsimulia habari ya machela na rekodi ya urefu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Na wanasubiri mpaka aondoke mwenyewe?"

Nikamwambia wanaojua kazi wanasubiri. Unamshika taya la chini kwa mkono mmoja, wa pili chini ya tumbo, unamwelekeza penye mkondo, na huondoi mkono mpaka akupige mkia usoni.

"Hapo sawa," akasema.