Mgomo ukiishia kwenye damu, tunamlaumu nani kwanza?

Ukikaa na watu wa reli huku Tabora habari za migomo ya zamani hazikosi, na lazima atokee mtu aseme vyama vya wafanyakazi vya enzi hizo vilikuwa vya wakorofi tu, ndo maana vikabanwa. Kigoma bandarini nako utayasikia hayo hayo. Mi naona hiyo hoja inawaonea watu, japo siyo ya kutupa yote.

Mamlaka nao wana lao. Chicago mwaka 1886, kwenye mkutano wa wafanyakazi pale Haymarket, mtu alirusha bomu na kwenye lile bomu na risasi zilizofuata polisi 7 wakapoteza maisha. Marikana kule Afrika Kusini, Agosti 2012, polisi waliua wachimbaji 34 siku moja, ila wiki hiyo hiyo kabla ya hapo walishakufa watu 10, wakiwemo polisi 2 na walinzi 2 wa mgodi. Mkuu wa polisi aliyetoka kuzika vijana wake huwezi kumwambia hatari hakuna, hilo nalikubali kabisa.

Lakini Enugu, Nigeria, 1949, hapo ndo mi nakwama. Wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mgomo baridi, yani mgodini wanaingia ila kazi wanaivuta, wanadai malimbikizo yao ya mshahara. Serikali ya kikoloni ikaingiwa hofu kwamba baruti za mgodi zitaangukia mikononi mwa wanaharakati wa siasa, ikatuma polisi wakazihamishe. Tarehe 18 Novemba pale Iva Valley wachimbaji wakajaa, wengine wanaimba na kucheza, afisa wa Kiingereza anaitwa Philip akaona kama wanavamiwa, akaamuru risasi. Wakafa 21, wakajeruhiwa 51.

Hebu fikiria hizo baruti. Watu ni wale wale waliokuwa wanazishika kila siku kuvunjia miamba na hakuna aliyekosa usingizi, zilikuwa vitendea kazi, ila walipodai hela yao tu zikageuka silaha. Kilichobadilika siyo baruti wala mikono iliyozishika, ni jicho la mtawala. Na siyo mimi nasema, tume ya Fitzgerald iliyoundwa na Waingereza wenyewe ndo ilikuja kuilaumu serikali kwa kulichukulia dai la kazini kama fujo za siasa. Watu 21 kwa malimbikizo! Ukishasema huu siyo mshahara ni uasi, afisa kazi hana tena cha kufanya pale, anaitwa mwenye bunduki.

Na sisi tusijione tuko mbali sana na hayo. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika chini ya chama chao cha TRAU, katibu akiwa Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Uhuru ukaja, 1962 ikatungwa sheria iliyofanya kugoma kihalali kuwe kugumu mno, halafu Januari 1964 jeshi likaasi, kambi ya hapa Tabora ikiwemo, na viongozi wengi wa vyama wakakamatwa kwa tuhuma za kushirikiana na waasi. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikavunjwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Hapa naielewa serikali kuliko ninavyowaelewa wale wa Enugu, nchi ina miaka miwili tu, Zanzibar imetoka kupinduliwa mwezi huo huo, askari wako mwenyewe kakugeuka, nani asingeogopa? Na haikupiga wafanyakazi risasi kama mkoloni, lazima tuseme hivyo kwa haki.

Ila kosa la kuusoma mgomo kama siasa lilibaki pale pale. Waasi walikuwa wanajeshi, chama kilichofutwa kikawa cha watu wa reli, bandari na mashamba. Katibu mkuu wa NUTA akawa wa kuteuliwa na rais, na aliyeteuliwa ni Michael Kamaliza, ambaye ndo alikuwa waziri wa kazi. Sasa mfanyakazi wa stesheni ya Tabora mwaka 1965 mwenye dai la mshahara, chama chake na wizara vyote viko chini ya mtu mmoja, alikuwa anaenda kumshtaki nani kwa nani?