Kipimo cha VVU na dirisha la wazee

Bibi wa miaka 67 akifika kituo cha afya huko Mbagala, Dar es Salaam, akiwa amekonda, amechoka na homa haimwachi, aghalabu hupimwa sukari na presha, na VVU hukumbukwa mwishoni, kama vinakumbukwa kabisa. Dalili hizo zinafanana mno na uzee. Ndiyo maana wazee wengi hugundulika kinga ya mwili ikiwa imekwisha kushuka sana, na kinga ya mtu wa umri huo hurudi polepole hata akianza dawa siku hiyohiyo.

Wapo wanaouliza kama ni busara kuelekeza nguvu katika kuwapima wazee VVU, na hoja yao si nyepesi. Maambukizi mapya yanawaelemea vijana, hasa wasichana, na fedha ni haba: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, miradi ya VVU iliyoitegemea ilitikisika. Tena lipo suala la heshima. Muuguzi aliye rika la mjukuu anapomwuliza mzee habari za chumbani, wote wawili huona haya, na mzee anaweza kuondoka asirudi.

Hata hivyo, VVU havingoji ujana. Mwanamke aliyekoma hedhi haogopi tena mimba, kwa hiyo kondomu huonekana haina kazi, ilhali ukavu wa uke katika umri huo huleta michubuko ambayo virusi hupitia. Wajane na wagane huoa na kuolewa tena, nasi hatuna sababu ya kujifanya hatulijui. Hata takwimu zetu zilichelewa: utafiti wa kitaifa wa 2011-12 uliishia kwa watu wa miaka 49, na ule wa 2016-17 ndio uliowafikia waliovuka hapo.

Kuna pia wasiohitaji kupimwa bali kutunzwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na aliyezianza akiwa na miaka 45 sasa amevuka 65. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mtu huyo huenda anameza pia vidonge vya kisukari, na dolutegravir, iliyo katika kidonge cha VVU kinachotumiwa na wengi, huongeza mwilini kiwango cha metformin, dawa ya kisukari, hivyo dozi ya metformin hupaswa kuangaliwa upya. Akienda CTC, yaani kliniki ya VVU, Jumanne na kliniki ya kisukari Alhamisi, kila faili likiwa peke yake, nani ataliona hilo?

Kwa maoni yangu, kampeni ya pekee yenye mabango ya wazee ingekula fedha na kuwaaibisha. Afadhali kipimo kitolewe katika kliniki za presha na kisukari, ambako tayari wanakwenda, kwa kila mgonjwa anayeridhia na kwa ushauri nasaha wa faragha, ili asiwepo anayedhani amenyooshewa kidole. Kwa anayeona haya hata hapo, sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, ingawa majibu yakionyesha maambukizi ni lazima yathibitishwe kituoni. Na mzee ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo ya maelekezo atahitaji mtu wa kumwelekeza, aliyefundishwa kutunza siri.