Acheni kumuuliza mtoto "umekuwa wa ngapi?"

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka hapa Amu, yaani Lamu, mtoto wa gredi 1 hapiti uwanja wa Mkunguni na ripoti yake mkononi bila mtu mzima kumshika bega, "haya, umekuwa wa ngapi?" Na maskini hana jibu manake ripoti yenyewe haina namba. CBC, ule mtaala wa umilisi, iliingia madarasa ya chini Kenya nzima 2019 na watoto hawapangwi tena wa kwanza mpaka wa mkia, wanaandikiwa amezidi matarajio, amefikia, anakaribia au yuko chini ya matarajio, basi. Sasa kuna wazazi wanaona kama wamenyimwa haki yao, wanamfuata mwalimu kabisa, "we niambie kwa siri tu, wangu ni wa ngapi?"

Mimi naona swali lenyewe ndilo bovu, haswa kwa mtoto wa miaka 6. Mwaka huo kazi kubwa ni moja, kujua kusoma, na kusoma hakuji kwa foleni. Mtoto anaanza ba be bi bo bu, anaimba vizuri mpaka unadhani ameshajua, kumbe amehifadhi tu, muonyeshe hiyo "bi" peke yake uone atakavyokutolea macho. Anakaa hapo wiki na wiki, we ushaanza kukata tamaa, halafu siku moja mnapita zenu forodhani anasimama mbele ya mashua anakuvuta nguo, "A... ma... ni. Amani!" Na toka siku hiyo wewe ndiye huna amani, manake kila kibao atakisoma kwa sauti, mpaka matangazo ya nyumba za kukodi. Sasa wa jirani amefika hapo mwezi wa tatu, wako mwezi wa tisa, tabu iko wapi?

Halafu kuna hii ya kulaumu chuo, yaani madrasa. Mtoto akiandika S imegeuka au 3 inatazama upande mwingine utasikia ati chuo ndicho kinamchanganya, huko anaanzia kulia huku kushoto. Si kweli jamani. Watoto wa umri huo wanageuza herufi hata mahali ambapo hakuna mtu anayejua alifu wala be, na wengi wanaacha wenyewe wakifika miaka 7 hivi. Mimi nasema chuo kimemrahisishia mwalimu kazi, manake mtoto aliyezoea kukaa na juzuu ya Kurani ameshajua kwamba alama ina sauti yake, herufi be ukiipa fataha inasomeka ba, ukiipa kasra inasomeka bi, sasa hiyo si ndiyo silabi?

Na tuna bahati hatuioni. Ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 ilishasema ile miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Sawa, nyumbani kwa Kiamu anasema ndoo na kitabu kinasema njoo, lakini hilo haliwasumbui muda mrefu. Cha ajabu ni mzazi anayefurahia shule inayomkaripia mtoto akifungua mdomo kwa Kiswahili, mtoto anakusomea ukurasa mzima wa Kiingereza bila kujua amesoma nini, na mzazi anatabasamu.

Hesabu nayo, kutoa ndiko kunakowatoa jasho. Lakini mimi nilichokipenda ni kupima, manake wanaanza kwa shibiri na nyayo kabla ya rula. Wangu alipima kitanda cha bibi yake akapata shibiri kumi na kitu, nikapima mimi nikapata chache, akasema nimeiba. Tukabishana weee, mpaka akachukua mkono wangu akauweka juu ya wake, akanyamaza, kisha akasema "basi tupime na fimbo." Hiyo kwenye ripoti huioni.

Penye lawama nitalaumu. Masomo ya madarasa ya chini yalipunguzwa toka 9 mpaka 7 baada ya kamati ya Profesa Raphael Munavu ya kurekebisha elimu kutoa ripoti yake 2023, tukashukuru, lakini bado mzazi anatumwa saa mbili usiku atafute saiba aprinti picha ya mnyama wa kufugwa, hapa Amu, na punda amesimama mlangoni! Si angechora huyo.

Kwa hivyo siku ya kufunga ukiona lazima uulize kitu, mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, afungue popote, asome mistari mitatu halafu akusimulie kwa maneno yake. Akikwama, muulize mwalimu anakwamia wapi hasa, muanze hapo hapo likizoni kidogo kidogo. Ila usimfanyie mbele ya wajomba wote wamekaa kwenye sinia wanamtazama, hapo hata mimi ningekwama.