Kabla ya kuukata mti mkavu

Kwa anayeishi kando ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki, mti uliokufa ni kuni. Hoja hiyo ni ya mama anayepika kwa mafiga matatu, na kumwambia aache kila kikavu kwa ajili ya ndege ni kumdharau. Tawi kavu analookota leo linamwepusha kukata bichi kesho. Tena kuna mti mkavu ulioinamia njia ya watoto wa shule. Huo unaweza kuua, na sina ubishi nao.

Ubishi wangu uko ndani ya msitu, kwenye miti mikubwa iliyooza moyo huku imesimama, ile tunayoiita mibovu. Mwangalie ndege aitwaye hondohondo mashavu-fedha. Pamoja na ukubwa wa domo lake, hawezi kujichimbia tundu kwenye mti. Lazima tawi livunjike, kuvu waingie, wale kiini miaka na miaka mpaka pango lipatikane. Jike huingia humo kutaga, na mlango huzibwa kwa udongo ambao dume humeza na kuutema vidonge vidonge. Hubaki ufa mwembamba tu, wa kupitisha ncha ya mdomo.

Kuanzia hapo jike hulishwa na mumewe. Makadirio yanayotajwa kwa ndege huyu ni matunda 24,000, kwa safari kama 1,600, ndani ya siku 120 hivi. Hebu tuzigawe hesabu hizo. Ni safari 13 kwa siku, kila moja na matunda kama 15 kooni, yakitolewa moja moja pale ufani. Kila siku, matunda 200. Mbegu nyingi zinazopita kwa ndege hawa huanguka mbali na mti mama, zikaota. Basi mti tuliouita mbovu ni nyumba ya mmoja wa wapanda miti wakubwa wa msitu huo. Ukiangushwa ndani ya siku hizo 120, jike na kifaranga wamo, wamefungiwa. Ukiangushwa baada ya hapo, pango jingine la kumtosha ndege mkubwa namna hiyo halipatikani kwa msimu mmoja wala kumi. Komba, nyuki na bundi nao hulitafuta pango hilohilo.

Wataalamu wa mashamba ya miti husema mizoga ya miti hualika wadudu. Kwenye shamba la misonobari, nakubali. Msitu wa asili una mambo yake: gogo linalooza hutunza unyevu na kurudisha rutuba, na miche huota juu yake.

Turudi kwa yule mama. Mzigo wake wa kichwani ni matawi ya unene wa mkono. Sijaona anayejitwisha shina lisilokumbatika. Shina hilo huondoka kwa chensoo, kwenda kwenye mbao au tanuri la mkaa, na anayelikata hujitetea kwa jina la kuni za akina mama. Hoja hizi mbili zitenganishwe: matawi yaokotwe, mashina yabaki. Hata ule wa njia ya shule, pale shina lilipo imara, yatosha kupunguza matawi.

Na mwenye chensoo kwanza atazame chini. Akikuta chungu ya mbegu na miche iliyosongamana pale shinani, ainue macho autafute ule ufa.