Sikukuu za Walawi 23: je, ni ratiba ya Kristo?

Kuna mchoro unaopendwa sana katika semina za Biblia na katika video za walimu wa unabii. Sikukuu saba za Walawi 23 zimepangwa kwenye mstari mmoja. Nne za kwanza, yaani Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko na Majuma (ndiyo Pentekoste), zimewekewa alama kwamba zimetimia: Kristo alisulubiwa Pasaka, akalala kaburini siku za mikate isiyotiwa chachu, akafufuka siku ya malimbuko, na Roho Mtakatifu akashuka siku ya hamsini. Tatu za mwezi wa saba, Baragumu, Upatanisho na Vibanda, zimeachwa zikisubiri unyakuo (waamini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo), toba ya Israeli na utawala wa Kristo wa miaka elfu. Kisha mwalimu anahitimisha kwamba kama nne zilitimia kila moja kwa siku yake, tatu zilizobaki nazo zitafuata mkondo huohuo.

Si hoja ya kubezwa. Sehemu yake kubwa imo ndani ya Agano Jipya lenyewe. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba "Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo", na papo hapo anawataka watoe chachu ya kale, kama familia ya Kiyahudi inavyosafisha nyumba kabla ya sikukuu. Katika sura ya 15 ya waraka huohuo anamwita Kristo aliyefufuka "limbuko lao waliolala". Mkulima aliyepeleka mganda wa kwanza wa shayiri kwa kuhani hakuwa amemaliza kuvuna. Mganda ule ulitangaza kwamba shamba zima linafuata. Ukiiondoa picha hiyo, hoja ya Paulo kwamba ufufuo wa mmoja unadai ufufuo wa wengi inabaki bila mguu wa kusimamia.

Yohana 7 ni mfano mzito zaidi. Enzi za Hekalu, asubuhi za Sikukuu ya Vibanda maji yalitekwa katika bwawa la Siloamu, yakapandishwa kwa shangwe na kumiminwa madhabahuni, kiangazi kikiwa kinakaribia kwisha na watu wakitazamia mvua. Katika siku ya mwisho ya sikukuu hiyo Yesu alisimama akapaza sauti: "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Asiyejua ile sherehe ya maji anasikia mwaliko mzuri tu. Anayeijua anamsikia mtu akijiweka mahali pa chemchemi ambayo taifa zima limekuja kuiomba.

Mpaka hapo niko upande wa wenye mchoro. Shida inaanza wanaposema kila tukio liliangukia siku yake barabara. Mathayo, Marko na Luka wanaeleza karamu ya mwisho kuwa mlo wa Pasaka. Yohana 18:28 inasema asubuhi iliyofuata wakuu walikataa kuingia kwa Pilato wasije wakanajisika, kwa sababu Pasaka walikuwa hawajaila. Wasomi wamependekeza suluhisho nyingi, baadhi zikiwa za kuridhisha kiasi, lakini mchoro unachagua hesabu ya Yohana, yaani Yesu kusulubiwa kabla ya mlo wa Pasaka, kimyakimya bila kumwambia msikilizaji kwamba umechagua.

Malimbuko nayo ina mgogoro wake. Walawi 23:11 inataka mganda utikiswe siku inayofuata Sabato. Sabato ipi? Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya sikukuu, hivyo mganda ni wa tarehe 16 ya Nisani, mwezi wa Pasaka, siku yoyote ya juma itakayoangukia. Wapinzani wao miongoni mwa Masadukayo walisema ni Sabato ya kila juma, hivyo mganda ni wa Jumapili siku zote. Hesabu ya pili inaoana na ufufuo bila taabu. Ya kwanza inaoana nao tu kama mwaka huo tarehe 16 iliangukia Jumapili.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote liko kwenye Siku ya Upatanisho. Mchoro unaiweka mbele yetu. Waraka kwa Waebrania unaiweka nyuma yetu: sura ya 9 imejengwa juu ya kuhani mkuu anayeingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, na juu ya Kristo aliyeingia mara moja tu kwa damu yake mwenyewe. Kusema siku hiyo bado haijatimia ni kubishana na mwandishi wa Waebrania.

Mtetezi wa mchoro ana jibu, na nalikubali nusu. Atasema tusome hadi mstari wa 28: Kristo "atatokea mara ya pili, pasipo dhambi, kwa hao wamtazamiao kwa wokovu". Kuhani mkuu aliingia, na watu wakabaki nje wakingoja atoke. Naam, kuna kungoja ndani ya sikukuu hiyo. Ila jibu hilo linavunja mchoro wenyewe, maana linaonyesha sikukuu moja ikigusa kuja kote kuwili. Hata Vibanda, ambavyo mchoro unavisogeza mpaka mwisho wa dunia, Yohana amekwisha kuvitumia kwa Yesu aliyekuwa Yerusalemu. Waandishi wa Agano Jipya walizitumia sikukuu hizi kwa uhuru kuliko wanavyotaka wachora michoro.

Kuzifanya ratiba kumegharimu watu. Samuel Snow, mfuasi wa William Miller, mhubiri wa kurudi kwa Kristo kule Marekani, alipiga hesabu kwamba siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Upatanisho, ingeangukia tarehe 22 Oktoba 1844, na Kristo angerudi siku hiyo. Kuna wakulima walioacha mazao shambani bila kuvunwa. Mwaka 1988 Mmarekani mwingine, Edgar Whisenant, alitaja sikukuu ya Baragumu ya Septemba kuwa wakati wa unyakuo, na vijitabu vyake vikasambaa kwa mamilioni. Ilipopita alisogeza tarehe. Wote wawili walikuwa wameisoma Walawi 23 kwa bidii kuliko wengi wetu.

Swali la pili ni tofauti, ingawa huchanganywa na la kwanza: je, Mkristo azishike? Wanaosema ndiyo wana ushahidi. Yesu alizishika. Paulo, miaka mingi baada ya kumwamini Kristo kwenye njia ya Damasko, anafanya haraka ili awe Yerusalemu siku ya Pentekoste (Matendo 20:16). Zekaria 14 inaona mataifa yakipanda kila mwaka kushika Vibanda. Kisha wanauliza, na ni haki yao: Desemba 25 imeandikwa wapi?

Wanaosema hapana wana Wakolosai 2, inayoziita sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato kivuli cha mambo yajayo, na wana Wagalatia 4, ambapo Paulo anawachelea watu wanaoshika siku na miezi. Kwangu hoja yao bora ni nyingine. Kumbukumbu la Torati 16 inakataza kuchinja Pasaka popote isipokuwa mahali atakapochagua Bwana. Hekalu liliharibiwa mwaka 70. Wasamaria wachache bado wanachinja wanakondoo kwenye mlima Gerizimu, lakini Myahudi wa leo anashika Pasaka iliyopangwa upya na marabi, na Mkristo anayeandaa meza ya sederi, yaani mlo wa Pasaka wa Kiyahudi, anaiga mpangilio uliokomaa baada ya Yesu. Kwa hiyo mwalimu anayeinua mikate mitatu ya meza hiyo, akavunja wa katikati na kusema huu ndio Utatu uliofichwa tangu zamani za Musa, anaongeza chumvi. Torati haina mikate hiyo mitatu.

Hata hivyo kanisa halikuziacha sikukuu hizi kwa sababu za kiteolojia peke yake. Makanisa ya Asia Ndogo yalishika Pasaka tarehe 14 Nisani pamoja na Wayahudi. Mnamo mwaka 155 hivi Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alikwenda Roma kujadiliana na askofu Aniketo. Hawakukubaliana, na bado walishiriki meza moja. Miaka kama 35 baadaye Viktor, askofu wa Roma, alitaka kuwatenga Waasia hao, naye Irenayo, askofu wa Lyon, akamsihi asifanye hivyo. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ukaamua Pasaka iwe ya tarehe moja kwa wote, bila kufuata hesabu ya Wayahudi. Mwaka 386 kasisi Yohane Krisostomo alihubiri Antiokia dhidi ya Wakristo waliokuwa wakienda kwenye sinagogi kwa Baragumu na Vibanda, kwa matusi dhidi ya Wayahudi ambayo yalitumiwa vibaya karne nyingi baadaye. Anayepinga sikukuu hizi leo ajue kwamba kwenye urithi wake kuna Wagalatia 4, na kuna chuki pia.

Msimamo wangu uko kwenye Warumi 14: anayetofautisha siku na asiyetofautisha, kila mmoja athibitike akilini mwake. Familia ikitaka kujenga kibanda na kulala nje juma zima, sioni wa kuizuia. Ikimwambia jirani kwamba bila kibanda hajaokoka, hapo Paulo ana neno nayo.

Kwetu Afrika Mashariki sikukuu iliyoshika mizizi zaidi ni Malimbuko, tena kwa sura ambayo Walawi wenyewe wasingeitambua: sadaka ya Januari, na katika baadhi ya makanisa mshahara mzima wa mwezi wa kwanza. Wahubiri hutaja mganda wa Walawi 23:10 na kapu la Kumbukumbu la Torati 26. Lakini kapu lile lilijaa mazao ya ardhi, na mstari wa 11 unasema mwenye kapu afurahie mema yote aliyopewa, yeye pamoja na Mlawi na mgeni. Na katika Walawi 23, mara tu baada ya Pentekoste na kabla ya Baragumu, mstari wa 22 unaingiza amri inayoonekana kama haihusiani na kalenda: usivune pembe za shamba lako, wala usirudi kuokota masazo, uyaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Katika michoro yote ya sikukuu saba niliyoiona, mstari huo haumo.