Umeapdeti Simu, Mbona Kelele Ziko Palepale?

Simu ikishaapdetiwa, wengi wetu huangalia sura yake: saa imenenepa, rangi zimebadilika, vitufe vimehamishwa. Baada ya siku mbili tunasema hamna jipya. Kwa anayefanyia kazi kwenye simu, anayepokea oda WhatsApp huku akisubiri ujumbe wa malipo, naona faida kubwa ya matoleo ya karibuni ya Android imo kwenye arifa. Na haiji yenyewe, lazima uifuate.

Chukua Android 13, iliyotoka Agosti 2022. Kuanzia hapo, programu unayoipakua upya haitumi arifa mpaka uikubalie. Safi kabisa, ila kuna mtego. Programu zilizokuwamo kwenye simu kabla ya sasisho, kama hukuwahi kuzima arifa zake, mfumo huziachia ruhusa yao ya zamani. Kwa hiyo ile michezo, maduka ya mtandaoni na programu za mikopo zilizokukatiza kazi jana zitakukatiza na kesho. Ingia Mipangilio, kisha Arifa, kisha arifa za programu, upange orodha kwa zilizotuma karibuni. (Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.) Anza juu, teremka, zima.

Lakini usizime kwa hasira. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, programu inaweza kugawa arifa zake kwa mafungu: huku miamala, huku matangazo. Arifa ya tangazo ikiingia, ibonyeze na kuishikilia, fungua mipangilio yake, uzime fungu hilo tu. Za miamala zitaendelea kufika. Kuna waundaji wanaotumbukiza kila kitu kwenye fungu moja, na sidhani kama wamesahau. Hapo itabidi uchague kukosa au kuvumilia.

Ukifuta arifa kwa bahati mbaya, Android 11 na za baadaye zina historia ya arifa, inayotunza za saa 24 zilizopita. Kwa kawaida huja imezimwa, na ukiiwasha leo haitakurudishia za jana.

Kwa saa za kazi nzito, weka ratiba ya Usinisumbue (hali inayonyamazisha simu na arifa), mfano saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, na uwashe ruhusa ya wanaopiga tena: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Mwenye dharura hupiga tena, na wa salamu atakutafuta jioni.

Kuna pia kero ya upande wa pili: ujumbe kuchelewa, ukimiminika wote mara tu unapowasha kioo. Aghalabu huo ni mfumo wa kutunza betri kuibana programu isifanye kazi chinichini. Gusa na kushikilia ikoni ya programu, ingia taarifa zake, kisha Betri, uchague isizuiwe. Fanya hivyo kwa mbili tatu za kazi tu. Ukizifungulia zote, chaji haitafika jioni.

Sasisho lenyewe lifanye usiku, kwenye Wi-Fi na chaja ikiwa imechomekwa, baada ya kuweka nakala ya WhatsApp. Usishangae simu ikipata moto na kuwa nzito siku moja au mbili za mwanzo, kwa sababu mfumo unazitayarisha upya programu zako zote ziendane na toleo jipya, na kazi hiyo hupenda kuifanya simu ikiwa imetulia kwenye chaji. Kuifuta simu yote siku ya kwanza ni kujitafutia kazi. Ikifika siku ya tatu bado inachemka, fungua Betri uone ni programu ipi inakula chaji, kisha nenda Play Store uiapdeti hiyo kwanza.