Nyanya na tango: alama mbili alizonyimwa mpwa wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu, aliye darasa la nne katika shule moja hapa Amu (Lamu), alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa sayansi. Swali lilimtaka ataje matunda matano. Aliandika embe, ndizi, papai, nyanya na tango. Matatu ya kwanza alipewa. Mawili ya mwisho yalikatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu akaandika: "Hizi ni mboga." Mtoto alilia, kwa sababu babake ndiye aliyemfundisha kuwa kila kinachotokana na ua na kubeba mbegu ni tunda.

Jioni jambo lilifika barazani, na watu wakagawanyika pande mbili. Nilisikiliza pande zote, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria. Si dogo. Mtoto aliyeambiwa amekosea jambo alilolijua hujifunza kunyamaza.

Nianze na upande wa babake. Kwa wataalamu wa mimea, tunda halihusiani na utamu wala na sahani. Ua likishachavushwa, petali hunyauka, na kile kifuko kilicho kwenye kitako cha ua, chenye vijimbegu vichanga ndani, huvimba. Kifuko hicho kikikomaa ndicho tunda. Kwa kipimo hiki nyanya ni tunda bila ubishi, na tango vilevile, na biringani, bamia, pilipili, boga, mung'unye, hata ganda la kunde na mbegu zake. Kipimo hiki hakimpendelei mtu. Bibo, lile jekundu au la njano linalomwaga maji ukiliuma, kwa wataalamu ni kikonyo kilichovimba tu, na tunda lenyewe ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Anayeshika upande huu lazima aukubali wote, pamoja na hayo yanayoshangaza.

Upande wa mwalimu nao una nguvu, tena una hukumu ya mahakama nyuma yake. Mwaka 1883 Marekani ilitunga sheria ya ushuru iliyotoza asilimia 10 kwa mboga zinazoingizwa kutoka nje, na matunda yakasamehewa. Mfanyabiashara wa New York aitwaye John Nix alileta nyanya kutoka visiwa vya Karibi, akatozwa ushuru, akamshtaki mkusanya ushuru wa bandari, Edward Hedden. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mahakamani zikasomwa kamusi, neno kwa neno. Mei 1893 majaji wote kwa pamoja walimkatalia Nix. Jaji Horace Gray aliyeandika hukumu alikubali waziwazi kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda la mmea, sawa na tango, boga na maharagwe. Lakini sheria, alisema, huandikwa kwa lugha ya watu, na watu huipika nyanya au kuila pamoja na supu, samaki na nyama. Hawaili baada ya chakula kama matunda yaliwavyo. Basi ni mboga.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Neno ni la wanaolitumia. Ukimtuma mtoto sokoni akulete matunda ya mgeni, akarudi na bamia na biringani, hutamsifu kwa elimu yake.

Lakini nikikileta kipimo cha Jaji Gray mezani kwetu, hakisimami siku moja. Pwani hii ndizi mbivu huliwa pamoja na pilau, tonge la wali na kipande cha ndizi, katikati ya chakula. Ramadhani ikiingia, tende hutangulia, kisha kwenye futari hiyohiyo linakuja boga la nazi lililopikwa kwa sukari na iliki, na ndizi za nazi, zikikaa ubavuni mwa samaki. Embe mbichi hukatwa vipande na kutiwa kwenye mtuzi wa samaki pale ndimu au ukwaju ulipokosekana. Papai bichi husagwa likapakwa nyama ya mishikaki ili ilainike. Kama tunda ni kile kinacholiwa baada ya chakula, kwetu boga ni nini, na embe ni nini? Jaji aliamua kwa meza ya kwao, na kwa meza ya kwao aliamua vizuri. Tukiichukua hukumu ile kama ilivyo tukaifanya kipimo cha mtihani wa mtoto wa Amu, tutakuwa tumeazima sahani za watu.

Nilikwenda sokoni, hili la pembeni mwa Ngome, kutazama wauzaji wanavyopanga. Mama mmoja ninayenunua kwake kila siku alikuwa na meza moja yenye pande mbili. Upande wa kulia palikuwa na mafungu ya nyanya, vitunguu, pilipili, bamia na biringani. Kushoto, machungwa, mapapai, ndizi mbivu na maembe ya ngowe. Nilipoinama nikaona maembe matatu mabichi, magumu, ya kijani, yamewekwa kulia, baina ya ndimu na pilipili. Nikamuuliza mbona yako huku. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la wazi: "Hayo ni ya kupikia, mwanangu. Yakiiva nitayahamisha."

Maneno ya mama yule yana akili zaidi ya karatasi ile ya mtihani. Kwake embe halibadiliki asili, hubadilika kazi. Na kinachobadilisha kazi ni kuiva. Hebu pitia tena vile tunavyoviita mboga na huku wataalamu wanaviita matunda: bamia huchumwa siku chache tu baada ya ua kuanguka, maana likiachwa huwa nyuzi tupu. Tango huliwa bichi. Likiiva hugeuka njano na mbegu zake hukakamaa. Biringani ni hivyohivyo, na mung'unye, na ganda changa la kunde. Ndizi mbichi hupikwa kwa nazi, ndizi mbivu humenywa. Kwa sehemu kubwa, mboga zetu za aina hii ni matunda yaliyowahiwa kabla ya kuiva. Nyanya ndiyo inayovunja utaratibu: inaliwa imeiva, nyekundu, ina maji na utamu wake, na bado iko chunguni. Ndiyo maana kila mahali ugomvi huanzia kwenye nyanya, wala hujasikia watu wakigombana juu ya bamia.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mboga kwetu halijawahi kuwa kinyume cha tunda. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania utasikia watu wakiulizana, "Leo mboga nini?" na jibu likawa dagaa, au nyama. Mboga hapo ni kile kinachoteremshia ugali au wali, kitoweo. Ni jina la kazi. Tunda ni jina la asili, la kile mti au mmea ulichokizaa. Kuuliza kama nyanya ni tunda au mboga ni kama kuuliza kama Fatuma ni binti wa Amu au ni mwalimu. Jibu la moja halifuti la pili.

Lugha yetu inalijua hilo mpaka kwenye viambishi vyake. Mwembe huzaa embe, mnazi huzaa nazi, mkungu huzaa kungu. Na kwa mtindo uleule mnyanya huzaa nyanya, mtango huzaa tango, mbamia huzaa bamia, mbiringani huzaa biringani. Mmea unachukua m-, na kinachotoka juu yake kinasimama peke yake, kama mtoto aliyetengana na mamake. Mchicha haufanyi hivyo: mmea ni mchicha na tunachokula ni mchicha. Mchunga vilevile. Muhogo ukiwa shambani ni muhogo, ukiwa sufuriani ni muhogo. Na kizuri kuliko vyote ni mmea wa boga, ambao jina lake ni mboga, miboga ukiwa mingi. Mmea mmoja unatupa majani tunayopika kuwa mboga, na boga ambalo ni tunda.

Barazani mzee mmoja aliipinga hoja hii, na alikuwa na haki. Mkarafuu hutoa karafuu, akasema, na karafuu ni tumba la ua, si tunda. Mwasumini hutoa asumini, nayo ni ua. Mdalasini hutoa dalasini, nayo ni gamba. Kweli. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba sarufi ya Kiswahili ni kitabu cha elimu ya mimea. Inachotenganisha ni mmea na zao lake, basi. Lakini hata hilo linatosha kuonyesha kwamba mtoto wa Kiswahili anayeweka nyanya na embe kapu moja hajakosea njia. Amefuata mahali lugha ya mamake ilipompeleka.

Wako waliosema pale barazani kuwa yote haya ni maneno matupu, chakula ni chakula. Hao nawapinga kwa shamba la mjomba wangu kule Hindi, upande wa bara wa Lamu. Mwaka jana alipanda maboga. Yalitambaa vizuri, yakatoa maua makubwa ya njano, na viboga vidogo kama kidole gumba vikatokea chini ya maua. Kisha vikageuka njano, vikalainika, vikadondoka kimoja kimoja. Alidhani ni ugonjwa, akaongeza dawa. Alikuwa akipiga dawa kila asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali.

Ukilishika ua la boga mkononi utaona. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na unga wa chavua katikati. Ua jike lina kiboga tayari chini yake, kinangojea. Yote mawili hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na ni nyuki anayebeba chavua kutoka la kwanza hadi la pili. Mjomba alikuwa akiwanyunyizia nyuki dawa katika saa zao za kazi. Alipohamisha dawa jioni, maua yakiwa yamefumba, na kwa siku kadhaa akachukua maua dume, akayang'oa petali na kuyasugua kwa mkono ndani ya maua jike, viboga viliacha kudondoka.

Huo ndio uzito wa neno tunda kwa mkulima. Penye tunda, ua ndilo tumaini: unalilinda, unamlinda nyuki, unajua kwamba nyanya iliyopata joto kali usiku itaangusha maua na hutavuna. Penye mboga ya majani mambo ni kinyume. Mchicha ukianza kutoa maua, majani huwa madogo na magumu. Unachuma haraka kabla haujafika huko. Mtoto aliyefundishwa kwamba boga na mchicha ni kitu kimoja, "mboga", atakua bila kujua kwamba mmoja unaombewa ua na mwingine unaombewa usilitoe.

Wenye mamlaka nao hawasaidii sana, kwa kuwa kila mmoja huamua kwa haja yake. Orodha ya ushuru wa forodha tunayotumia Afrika Mashariki, iliyojengwa juu ya mfumo wa dunia nzima, inaweka nyanya, tango na boga kwenye sura ya 7 pamoja na mboga, na tikiti maji kwenye sura ya 8 pamoja na matunda, ingawa tango, boga na tikiti ni ukoo mmoja. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya jamu ya mwaka 2001, unaihesabu karoti kuwa tunda, jambo ambalo si mtaalamu wa mimea wala mpishi atalikubali. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na linazijumlisha pamoja. Linachotoa nje ya hesabu ni viazi, muhogo na mizizi mingine ya wanga. Kwa afya, basi, nyanya ya mpwa wangu ingehesabiwa popote alipoiweka.

Imebaki nazi, nayo sijaipatia kapu. Kwa asili ni tunda, hilo halina shaka. Lakini dafu tunalinywa, tui tunalipikia, mafuta tunajipaka, na mtu hasemi amekula tunda kwa kuwa amekula wali wa nazi. Yule mama wa sokoni haiweki kulia wala kushoto. Huzilundika chini ya meza.

Kwa upande wangu nimefikia hapa. Lingekuwa swali la somo la upishi au lishe, ningemwambia mpwa wangu mwalimu ana haki, aandike machungwa na nanasi. Lakini ulikuwa mtihani wa sayansi, na swali halikusema "matunda yanayoliwa yakiwa matamu". Katika sayansi mtoto alipata matano kwa matano. Namheshimu mwalimu wake, ana darasa kubwa na kitabu kimoja, na sitaki agombwe. Nimemwomba baba mtu aende naye shuleni kwa adabu, wachukue tango moja na embe moja, wavikate mbele ya mwalimu, amwonyeshe mbegu zilipo na kovu la ua lilipo kwenye ncha. Kisha aombe zile alama mbili.